Mia Tatu na Kumi na Mbili

Curdin ameziweka mbili juu ya kitambaa cha kijani,
kama sonara anayejua mteja wake hana pesa
na bado hataondoka.
"Shika kwanza," anasema. "Bei tutaiongea baadaye."

Darubini ya kwanza nyepesi, inakaa mkononi kama kifaranga.
Inakuza mara nane. Tarakimu zake nyekundu, kali,
zinawaka katikati ya kioo
hata mlima ukajificha nyuma yake.
Ya pili inakuza mara kumi, na uzito wake
nitaujua vizuri shingoni saa kumi alfajiri,
nikipanda na mkate, soksi kavu na bunduki,
maana kwetu Graubünden Septemba haina gari:
unawinda kwa miguu yako au unabaki nyumbani.

Faranga elfu tatu na mia nne.
Ndama wawili wa kahawia, na wa tatu anayechechemea.
Nimekamua tangu nina miaka tisa,
pesa yangu naijua kwa harufu.

"Toka nayo nje. Dukani kila kioo ni kizuri."

Barabarani Zernez, mvua imekatika sasa hivi.
Nabonyeza kitufe: mnara wa kanisa, mia moja themanini na tatu.
Nabonyeza: kunguru juu ya waya, tisini na sita.
Anaruka. Leza inasita, inanipa vistari viwili,
ndiyo namna yake ya kusema sijui.
Hapo ndipo nilipoanza kuipenda.
Kwetu hakuna aliyewahi kusema sijui.

Baba alipima kwa kidole gumba.
Alifumba jicho, akanyoosha mkono, akaitamka namba
kama mchungaji anayetaja jina la mtoto kwenye ubatizo.
Nilikuwa na miaka kumi na minne, mbeba begi lake,
Val Tamblaina, kifudifudi juu ya changarawe,
na ng'ambo ya genge paa jike wa majabali, ubavu wazi.
"Mia mbili," Baba alisema.
Risasi ilishuka. Sikuiona ikishuka,
niliuona mguu ukining'inia.
Tulifuata damu mpaka giza,
kesho yake tukaenda na mbwa wa jirani,
kesho kutwa mvua ikafuta maandishi yote.
Mama aliuliza mezani.
Baba aliomba chumvi.

Curdin anasema darubini hununuliwa magharibi.
"Saa sita mchana hata kitako cha chupa kinaona."
Basi tunakaa kwenye ngazi ya duka, tunangoja jua liondoke.
Nyepesi inachoka mapema, misonobari inakuwa donge moja.
Nzito bado inahesabu matawi,
na tarakimu zake zinajipunguza, zinanong'ona.

Nachukua nzito. Ndama wangu, kwaherini.

Nyumbani Baba hasemi ni ghali.
Anaigeuza, anaifuta kwa ncha ya shati,
ananiuliza kama gari lina mafuta.
Ni Julai, msimu bado. Tunakwenda mpaka barabara ya msitu inapoishia,
halafu fimbo yake, halafu bega langu,
kila hatua mia tunasimama akijifanya anatazama maua.

Changarawe ile ile.
Kidole gumba kile kile, sasa kinatetemeka, kinatafuta kitufe.
Ng'ambo hakuna mnyama, kuna jiwe jeupe tu.
Anabonyeza. Anabonyeza tena,
kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango ulio wazi.

"Mia tatu na kumi na mbili."

Upepo. Mahali fulani panya wa milimani anapiga mbinja.

"Nilisema ngapi siku ile, Ladina?"

Anajua alisema ngapi. Anajua najua.
Ningeweza kutoa mkate, kumkatia kipande,
kuuliza kama tumebeba chumvi.

"Mia mbili, Baba."

Anaitikia kwa kichwa, polepole,
anarudisha macho kwenye kioo,
anabonyeza mara ya tatu.
Jiwe halijasogea.